Mawe ya Mizani na Moyo wa Ayuma

Kila asubuhi Ayuma alianza siku kwa kushindana na sweta yake ya shule. Aliikunja mikono mara moja, akaikunja tena, na bado vidole vyake havikuonekana. Chini ilimfika magotini. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina la Hema, na siku za upepo walimshauri ashike mlingoti wa bendera asije akapeperushwa mpaka Uganda.

Sweta hiyo ilinunuliwa na nyanya yake, Pascalia. Watoto wote wa pale Ekero, walikoishi, walimwita Kukhu, yaani nyanya, hata wale ambao hakuwa na udugu nao. Kukhu alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyeweza kuutikisa: kitu cha mtoto hununuliwa kikubwa, kwa kuwa mtoto hukua. Viatu vya Ayuma vilijazwa magazeti mbele. Mdogo wake, mvulana wa miaka tisa aliyepewa jina la Tyson lakini akanyimwa mwili wa bondia, alivaa kaptura ya kutosha watu wawili, iliyokazwa kiunoni kwa kamba ya katani.

"Mtoto anakuanga," Kukhu alijibu kila alipoulizwa. "Nguo haikuangi."

Hata mlango wa jikoni mwake ulikuwa mkubwa kuliko fremu yake. Fundi alimwonyesha milango miwili, mmoja wa saizi na mwingine mkubwa, akamwambia bei ni moja. Kukhu hakufikiria mara mbili, akachukua mkubwa. Tangu siku hiyo mlango ulikuwa ukiegemea fremu bila kufunga, na mbuzi wa jirani alijua saa ya chakula kuliko watu wa nyumbani. Mara nyingi walimkuta jikoni akimalizia obusuma, yaani ugali wao, akiwatazama kana kwamba wao ndio wageni.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Kukhu hakutaka lizidi wala lipungue, nalo ni kipimo. Kando ya barabara alikuwa na duka dogo la sukari, chumvi na maharagwe, na juu ya meza kulikuwa na mizani ya sahani mbili pamoja na mawe yake ya chuma. Ukinunua nusu kilo ya sukari kwa Kukhu, ulipata nusu kilo. Siku moja mchuuzi fulani alimletea gunia la maharagwe yaliyochanganywa na changarawe. Kukhu alimfukuza kwa mwiko mpaka stendi ya magari.

"Mimi nauzanga maharagwe!" alimpigia kelele. "Mawe siuzangi!"

Watu wa Ekero waliicheka habari hiyo kwa muda mrefu, na wakazidi kununua dukani kwake.

Ayuma alikuwa mgonjwa. Mwaka uliotangulia koo lilimuuma mara kwa mara. Kwenye zahanati alipewa vidonge na kuambiwa avimalize vyote, lakini vilikuwa vichungu kama nini, na koo lilipopoa tu alivificha chini ya godoro. Koo likamrudia, naye akavificha tena. Baadaye magoti yakamvimba, na baada ya hapo akaanza kuishiwa pumzi. Mwaka huu, 1996, hakuweza kutoka nyumbani hadi shuleni bila kukaa chini kupumzika, na kitu alichokitamani zaidi ya vyote duniani kilikuwa kukimbia tu, hata kama ni kukimbiza kuku.

Baba yake, Chrispinus, alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, na msimu wa miwa alionekana nyumbani kwa nadra. Mama yake, Rachael, alikuwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo Kukhu ndiye aliyempeleka Ayuma kliniki ya moyo mjini Kakamega.

Daktari Shikanga alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, aliyependa kuchora kila kitu alichokieleza. Aliwachorea moyo mkubwa kwenye karatasi.

"Ndani ya moyo kuna milango midogo inayoitwa vali," alisema. "Damu ikishapita, mlango unajifunga ili isirudi nyuma. Ule ugonjwa wa koo ambao haukutibiwa vizuri umeharibu mlango mmoja wa Ayuma. Haufungi tena. Damu inarudi nyuma, na moyo unachoka kuisukuma upya."

"Sasa, Daktari, mtafanya nini?" Kukhu aliuliza.

"Kuna madaktari wa upasuaji watakaokuwa Nairobi kwa siku chache. Watatoa mlango mbovu na kuweka wa kutengenezwa. Tumempatia Ayuma nafasi. Atarudi hapa baada ya wiki mbili tumpime urefu na uzito mara ya mwisho, kwa sababu hizo vali ziko za saizi nyingi, na wao huandaa zile zinazokaribiana na mwili wa mtoto."

Kukhu alisogeza kiti mbele. Neno saizi lilikuwa limemgusa.

"Kwa hivyo mtoto mdogo anapewa mlango mdogo?"

"Kwa kawaida ni hivyo, Mama."

"Na akikua?"

"Mlango ukiwa mdogo sana kwake, huenda siku moja ikabidi apasuliwe tena abadilishiwe. Ndiyo maana..."

Hapo mlango wa chumba ulifunguliwa na daktari akaitwa haraka kumwona mgonjwa mwingine. Ile "ndiyo maana" yake haikumalizika. Lakini Kukhu hakuhitaji kusikia zaidi. Neno "tena" lilikuwa limemchoma moyoni.

"Ati wafungue kifua cha mjukuu wangu mara mbili!" alilalamika walipofika nje. "Haiwezekani. Wewe utawekewa mlango mkubwa. Mtoto anakuanga!"

Ayuma naye aliogopa. Kupasuliwa mara moja kulitosha kumkosesha usingizi, sembuse mara mbili. Kwa hiyo Kukhu aliposema kwamba lazima Ayuma awe mkubwa kabla ya kurudi kliniki, Ayuma alikubali.

Wakaanza na chakula. Kukhu alimpikia obusuma wa kujaza sinia. Alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, na siku iliyofuata akachinja mwingine, mpaka jogoo aliyekuwa akiwaamsha majirani akaanza kulala juu ya mti. Lakini Ayuma alishiba baada ya matonge machache. Kukhu alipogeuka, sinia ilisukumwa polepole upande wa pili, na Tyson akaimaliza bila kulalamika.

Siku mbili kabla ya kliniki, Kukhu aliwapeleka wote wawili kwenye mizani ya mashine ya kusaga mahindi. Tyson alikuwa ameongeza kilo mbili. Ayuma hakuwa ameongeza hata robo.

"Wewe!" Kukhu alimgeukia Tyson. "Nani alisema unapelekwa Nairobi?"

"Kukhu, si mtoto anakuanga?" Tyson alijibu, kisha akakimbia huku akishika kaptura, ingawa safari hii haikuwa na haja ya kushikwa sana.

Jioni hiyo Kukhu alikaa dukani peke yake akiitazama mizani yake. Aliyatazama mawe ya chuma, moja moja. Aliyanyanyua, akayarudisha mezani. Alijua vizuri kabisa jinsi watu walivyodanganya mizani, kwa sababu miaka yote alikuwa akiwakamata. Mwishowe alichukua sindano na uzi, akaitisha sweta ya Ayuma.

Asubuhi ya kliniki, Ayuma aliivaa sweta hiyo na karibu aketi chini. Kwa ndani Kukhu alikuwa ameshona mifuko. Jiwe la kilo mbili lilikaa mgongoni, la kilo moja lilikaa tumboni, na mawili ya nusu kilo yalikaa ubavuni, yakigongana. Kwa nje hakuna kilichoonekana, kwa maana ndani ya sweta ile ungeweza kuficha hata mbuzi wa jirani. Nywele zake nazo zilikuwa zimesukwa zikasimama wima juu ya kichwa kama mabua, ili kumwongezea urefu.

"Kukhu, huku si kudanganya?" Ayuma aliuliza.

Kukhu alijifanya anatafuta kiatu. "Unataka kupasuliwa mara ngapi?" aliuliza bila kumtazama.

"Mara moja."

"Basi tembea polepole."

Hospitalini, kliniki ilikuwa juu ghorofani. Ayuma alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache, na kila hatua ilitoa sauti. Ting. Ting. Muuguzi wa kliniki, Sista Jeruto, aliinua kichwa.

"Nini kinalia hapo?"

"Ni rozari," Kukhu alijibu haraka.

Sista Jeruto aliwatazama wote wawili. "Hiyo rozari yenu ni nzito."

Alianza na urefu. Alishusha ule ubao wa kupimia, ukakutana na nywele. Akaubonyeza. Nywele zikasalimu amri, zikalala, na urefu wote ambao Kukhu alikuwa ameusuka tangu alfajiri ukapotea mara moja. Kukhu alikohoa na kutazama dirishani.

"Sasa panda kwenye mizani. Umetoa kila kitu kizito?" Sista Jeruto aliuliza.

Ayuma alihisi masikio yakipata moto. Alimtazama Kukhu. Kukhu alikuwa bado anatazama dirisha.

"Ndiyo, Sista," Ayuma alisema.

"Na sweta?"

"Mtoto anasikia baridi," Kukhu aliingilia.

Foleni ilikuwa ndefu, na watoto wawili walikuwa wanalia kwa pamoja. Sista Jeruto aliacha sweta ibaki. Alisogeza kipimo cha mizani, akakisogeza tena, akakunja uso. Kisha akamwambia Ayuma ashuke na apande upya.

"Thelathini na tano," alisema polepole. "Mara ya mwisho ulikuwa thelathini na moja."

Kukhu alitabasamu mpaka jino la mwisho. Lakini Sista Jeruto hakutabasamu. Alitoka chumbani karibu akikimbia, na aliporudi alikuwa na Daktari Shikanga.

"Kilo nne kwa wiki mbili?" daktari alisema. "Huku si kunenepa. Ayuma, unapumua vipi?"

Ayuma alikuwa anahema. Alikuwa amepanda ngazi zote zile akiwa amebeba duka mgongoni, na alikuwa hajapata pumzi yake. Daktari alimsikiliza anavyohema, na uso wake ukabadilika.

"Maji yanajaa mwilini," alimwambia muuguzi. "Moyo umezidiwa. Andaa kitanda, na sindano ya dawa ya kutoa maji. Ipime kwa kilo thelathini na tano. Mimi nawapigia simu Nairobi. Mtoto hawezi kusafiri akiwa hivi. Hiyo nafasi wampe mwingine."

Tabasamu la Kukhu likaanguka. "Nafasi gani, Daktari?"

"Ya upasuaji, Mama. Pole sana. Itabidi tungoje madaktari warudi tena, na sijui watarudi lini. Kwa moyo wake ulivyo, sitaki kukudanganya, kungoja si kuzuri."

Akanyanyua mkono wa simu iliyokuwa mezani, akaanza kuzungusha namba.

Kukhu, mwanamke aliyemfukuza mchuuzi kwa mwiko mbele ya soko zima, alirudi nyuma mpaka ukutani. Daktari alisikiliza, akakata, akaanza upya kuzungusha namba. Laini ilikuwa na shughuli. Sista Jeruto alikuwa tayari anavuta dawa kwenye sindano.

Ayuma aliitazama ile sindano. Aliitazama simu. Aliona jinsi Kukhu alivyoishika leso yake kwa mikono miwili, akamhurumia, na kwa sekunde chache alifikiri labda Kukhu ndiye atakayesema. Kisha akaelewa kwamba yeye ndiye aliyesema "Ndiyo, Sista", na neno hilo lilikuwa lake mwenyewe.

"Hallo, Nairobi?" daktari alisema.

"Daktari!" Ayuma alipaza sauti. "Mimi si kilo thelathini na tano. Kilo nne ni za duka!"

Chumba kizima kikageuka. Hata wale watoto wawili waliacha kulia.

"Za duka gani?" daktari aliuliza, simu ikiwa bado sikioni.

Ayuma aliinua sweta, akaingiza mkono na kuanza kutoa. Jiwe la kilo mbili likatua mezani, kalamu za daktari zikaruka. La kilo moja likafuata. Kisha yale mawili ya nusu kilo, ting, ting. Sista Jeruto aliyakodolea macho.

"Hii ndiyo rozari?"

Ayuma alianza kulia. "Nilidanganya, Sista. Niliogopa kupasuliwa mara mbili. Tulitaka nipewe mlango mkubwa."

Kutoka kwenye simu sauti ndogo ilikuwa inaita hallo, hallo. Daktari Shikanga aliyatazama mawe, akamtazama Ayuma, akamtazama Kukhu aliyejifunika uso kwa leso. Kisha akasema kwenye simu, "Samahani kwa kuwasumbua. Nilitaka tu kuwakumbusha, msichana wa Ekero anakuja."

Alimpima Ayuma tena, safari hii bila sweta. Kilo thelathini na moja. Alimsikiliza kifua, akambonyeza vifundo vya miguu, akashusha pumzi kwa nguvu kuliko mgonjwa. Kisha akavuta kiti na kuketi mbele ya Kukhu.

"Mama, unajua kilichotaka kutokea? Dawa tunaipima kwa kilo. Ningempa mtoto dawa ya kutoa maji ambayo hana, tena iliyozidishwa kwa uzito wa chuma. Chuma kisingeumia. Yeye ndiye angeumia. Na nafasi yake ingeenda."

Kukhu alijifuta macho. "Daktari, mimi nilitaka tu akatwe mara moja. Nilifikiri akikua, mlango utamtosha."

"Najua. Na siku ile niliondoka kabla sijamaliza kueleza, hilo ni kosa langu." Daktari alichukua karatasi na kuanza kuchora. "Ukimnunulia mtoto sweta kubwa, sweta inamngoja akue. Mlango wa moyo haungoji. Unaanza kazi siku hiyo hiyo unapowekwa. Ukiwa mdogo, damu inabanwa na moyo unachoka. Ukizidi nafasi yake, hauketi vizuri. Unasukuma nyama ya moyo, na unaweza kukwama usifunge. Halafu damu inarudi nyuma vilevile kama sasa."

"Kama mlango wa jikoni!" Ayuma alisema ghafla, akisahau kulia. "Kukhu, kama mlango wa jikoni! Haufungi, na mbuzi anaingia!"

"Mbuzi gani?" daktari aliuliza.

Ilibidi Ayuma aeleze habari yote, fundi na bei moja na mbuzi na obusuma. Daktari Shikanga alicheka mpaka akavua miwani.

"Basi ni hivyo hivyo," alisema. "Hatutaki mbuzi ndani ya moyo wako. Kilo zako na urefu wako vinatusaidia kukisia tu. Siku yenyewe, daktari wa upasuaji atapima nafasi iliyopo ndani ya moyo, na ataweka vali inayokaa sawasawa. Lakini hata kukisia kunahitaji ukweli."

Kukhu alikuwa ameshika jiwe la kilo mbili mapajani. Aliligeuzageuza.

"Nilimfukuza mtu Ekero kwa kuchanganya mawe na maharagwe," alisema kwa sauti ya chini. "Na leo mimi nimechanganya mawe na mjukuu wangu."

Ayuma alikwenda akasimama karibu naye, na Kukhu akamkumbatia pamoja na jiwe lake.

Nairobi, daktari wa upasuaji aliitwa Mutheu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, na Ayuma alifurahi alipoiona mikono hiyo, kwa sababu alikuwa na wasiwasi jinsi mkono wa mtu mzima ungetosha ndani ya kifua chake. Daktari Mutheu alimwonyesha vipimo vyake. Vilikuwa vijiduara vilivyopangwa kutoka kidogo hadi kikubwa, kila kimoja na mpini wake.

"Hiki nikikiingiza kikapwaya, najaribu kinachofuata," alieleza. "Kikikataa kuingia, silazimishi. Moyo wenyewe ndio unaoniambia."

Macho ya Kukhu yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kikubwa kuliko vyote. Chrispinus, aliyeomba ruhusa kazini awasindikize, alimtazama mama yake kwa hofu.

"Mama, tafadhali," alisema.

"Nimenyamaza," Kukhu akajibu. "Si unaona nimenyamaza?"

Siku ya upasuaji ilikuwa ndefu kuliko siku zote ambazo Kukhu aliwahi kuishi. Alisali rozari ya kweli mpaka vidole vikamuuma. Daktari Mutheu alipotoka, alikuwa amechoka, lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

"Imekaa vizuri," alisema. "Kubwa ilikataa, ndogo ikapwaya, ya katikati ikakaa kama iliyotengenezwa kwa ajili yake. Amekua vya kutosha, kwa hiyo tunatumaini itamtosha hata akiwa mama wa watu. Ila dawa ni kila siku, sindano ya kuzuia ule ugonjwa wa koo ni kila mwezi, na kliniki asikose."

Chrispinus alikaa chini akalia bila aibu. Kukhu alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru daktari, kisha akajikaza, lakini ikamshinda.

"Daktari, hakukuwa na moja ya kuzidi hivi kidogo tu?"

"Mama!" Chrispinus akasema.

"Nauliza tu."

Ayuma aliporudi Ekero, alirudi na sauti. Vali yake mpya ilikuwa ya kutengenezwa, na kila ilipofunga ilitoa mlio mdogo. Tik, tik, tik. Palipokuwa na kelele haikusikika, lakini penye kimya ilisikika vizuri. Tyson aligundua biashara humo. Aliwapanga watoto foleni nyuma ya nyumba, na kila aliyetaka kusikiliza alilipa kipande cha muwa. Ayuma alipogundua kwamba muwa wote ulikuwa unaliwa na meneja, foleni ikavunjwa.

Darasani, siku ya mtihani wa hesabu, Mwalimu George aliacha kutembea katikati ya madawati.

"Nani ameleta saa ya mezani humu ndani?"

Wanafunzi wote walimgeukia Ayuma.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Lakini siwezi kuizima."

Mwalimu George alianza tena kutembea. "Basi usiizime," alisema, na darasa likaangua kicheko.

Hawakumwita Hema tena, kwa sababu hema halikuwepo. Kukhu aliifumua sweta ile akafuma mbili za mtoto mchanga, na bado uzi ukabaki. Alimpima Ayuma kwa kamba, kifua na mikono, akaenda na kamba hiyo hadi duka la nguo na kugombana na muuzaji mpaka akapata sweta inayofika kiunoni na si zaidi. Viatu vipya havikuwekwa gazeti hata ukurasa mmoja. Na fundi aliitwa na randa yake, akaupunguza mlango wa jikoni mpaka ukafunga kabisa. Mbuzi alisimama nje siku nzima, akiugonga kwa pembe, asiamini.

Muda ulipita, ikafika siku ya kliniki mjini Kakamega. Walipofika chini ya zile ngazi, Ayuma alizitazama, akamwachia Kukhu mkono, akazikimbilia. Alizikimbia zote hadi juu bila kupumzika. Huko juu aligeuka akaanza kucheka peke yake, na Kukhu, aliyekuwa bado chini, alilazimika kutoa leso na kujifuta uso kabla ya kuanza kupanda.

Kwenye foleni, mbele yao, alikuwa mama mmoja na kijana wake mwembamba. Jua lilikuwa kali, lakini kijana alikuwa amevaa koti zito lililomfika magotini, na jasho lilikuwa linamtiririka. Kukhu alimtazama. Alilitazama koti. Kisha akamsogelea yule mama na kumshika bega.

"Mama, mvue mtoto hilo koti kabla ya mizani," alimwambia. "Mimi ni mtu wa kuuza kwa kilo, nimepima maisha yangu yote, na ni hapa ndipo nilifundishwa. Koo likimuuma, mpeleke hospitali na amalize dawa. Akipimwa, apimwe yeye mwenyewe, si kitu kingine. Daktari hawezi kumtibu mtoto wako kama umempelekea mtoto mwingine."

Yule mama alishtuka, akatabasamu kwa aibu, akamvua kijana koti. Kukhu alirudi mahali pake akakaa.

Zamu yao ilipofika, Ayuma alivua viatu na sweta bila kuambiwa, akapanda kwenye mizani. Chumba kilikuwa kimya. Sista Jeruto alianza kusogeza kipimo, kisha mkono wake ukasimama. Akatega sikio.

"Ayuma," alisema, "nasikia kitu kinalia."

Ayuma akacheka, lakini Kukhu ndiye aliyejibu, akiwa ameketi wima kama mtu anayetaja bei yake ya haki.

"Sista, leo si rozari. Leo ni moyo. Pima, uandike."